Mrejesho: nyumba ya wiki ya Maulidi, Lamu

Wadau, niliwauliza kama nyumba ya kupanga kwenye njia ya zefe (maandamano ya Maulidi) hupatikana wiki ya Maulidi. Nimepata, ahsanteni. Zinazotazama bahari zilikuwa zimeshajaa, tukapewa nyumba ya mawe mtaa wa Langoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Binafsi naona ndiyo afadhali: zefe ilipita chini ya dirisha, kanzu nyeupe tupu, matari yanatikisa vikombe mezani. Punda wa mizigo alibanwa ukutani mpaka watu wapite! Usingizi sahau. Anayetaka mwakani asingoje Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uandame, na aulize mapema kama bei ni ya chumba au nyumba nzima. Sisi tulibishania mlangoni.