Naomba ushauri: kazi ndefu inaifanya simu ijiwashe upya

Mjenzi_Mfumo:
Ndugu wanajukwaa, natengeneza mfumo wa Android kwa vifaa maalumu, na ndani ya system_server (mchakato mkuu unaoendesha huduma za Android) nimeongeza huduma inayopanga upya hifadhidata kila programu yetu ya kukusanya taarifa inapoiomba. Rekodi zikiwa chache hakuna shida, lakini zikiwa nyingi skrini huganda, nembo ya kuwaka hutokea, na kazi yote huanza mwanzo. Niliambiwa niihamishie kazi kwenye thredi ya pembeni (mkondo mwingine wa utekelezaji ndani ya mchakato huo huo), nikafanya hivyo, na hali haikubadilika hata kidogo. Je, naweza kuongeza muda ambao mfumo huvumilia?

Kobe_Taratibu:
Usiguse muda kwanza. Baada ya tukio, endesha `adb shell cat /proc/uptime` kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu. Namba ya kwanza ni sekunde tangu kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilipowaka. Kama haikurudi sifuri, basi simu haikuzimika, bali system_server imeuawa na programu zote zikaanguka pamoja nayo. Halafu tafuta kwenye logcat (kumbukumbu ya matukio ya Android) mstari wa "WATCHDOG KILLING SYSTEM PROCESS".

Mjenzi_Mfumo:
Namba inasoma zaidi ya 30,000 ilhali tukio lina dakika tatu tu. Mstari huo upo, na unaeleza kwamba android.fg, mojawapo ya thredi za mfumo, imekwama kwa ActivityManagerService, huduma inayosimamia programu zinazoendeshwa. Nakiri kwamba thredi yangu hushika kufuli la huduma hiyo (thredi nyingine zinazolihitaji husubiri hadi liachiwe) ili orodha ya programu isibadilike wakati ninapopanga.

Mwanamsimbo:
Hapo ndipo penye kosa. Watchdog, mlinzi wa ndani ya system_server, haipimi urefu wa kazi yako. Hubisha hodi kwenye thredi muhimu za mfumo na kujaribu kushika makufuli yake, na isipojibiwa kwa sekunde 60, ambao ndio muda wa kawaida, huiua system_server. Kwa hiyo thredi ya pembeni iliyoshika kufuli linalosubiriwa na wengine ina madhara yale yale, na ushauri uliopewa, ingawa unarudiwa kila mahali, ulikuwa nusu tu. Ukiongeza muda, mtumiaji atatazama skrini iliyoganda kwa muda mrefu zaidi, basi.

Shika kufuli kwa kitambo cha kunakili orodha, liachie, kisha upange kwa kutumia nakala. Hatua bora zaidi ni kuitoa kazi hiyo kabisa ndani ya system_server na kuiweka kwenye mchakato wake, ili ikianguka ianguke peke yake. Ukishaitoa, miito ya Binder (njia ya michakato kuwasiliana) kutoka system_server iwe ya oneway, yaani isiyosubiri jibu, na majibu yarudi kwa njia nyingine, maana mwito unaosubiri jibu utakurudisha pale pale.

Kobe_Taratibu:
Niongeze kwamba ukitumia WorkManager (maktaba ya Android ya kupanga kazi za nyuma ya pazia) huko nje, kazi ya kawaida husimamishwa baada ya dakika 10. Gawa rekodi kwa mafungu na uhifadhi ulipofikia kila fungu linapokamilika.

Mgeni_Hapa:
Samahani kwa kudandia. Je, programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya mfumo inaweza kuleta haya?

Mwanamsimbo:
Kwa kawaida hapana. Ikishindwa kuitikia mguso kwa sekunde 5, Android huitangaza kwamba haijibu, na inayofungwa ni programu hiyo. Hata iPhone huiua programu iliyokwama na kuacha alama ya 0x8badf00d kwenye ripoti, lakini simu yenyewe huendelea.

Mjenzi_Mfumo:
Nimenakili orodha na kuachia kufuli kabla ya kupanga. Rekodi zile zile zimechukua dakika nne, na skrini haikuganda. Kesho naanza kuihamishia huduma kwenye mchakato wake.