Mizizi ya kangaga kwa kutoa tegu: je, ni salama?

Mkwe wa Majengo, Dodoma: Ndugu zangu, mama mkwe amenunua sokoni mizizi ya kangaga, ile yenye magamba ya kahawia, akaelekezwa aichemshe na kuinywa kabla ya kula ili kutoa tegu. Ni mtu mzima, na anatumia dawa za presha. Je, aendelee?

Muuguzi: Dada, nakuomba asiinywe. Ni kweli kwamba kangaga ya jamii ya Dryopteris ilitumika Ulaya kwa karne nyingi kutoa tegu, lakini kipimo kinachomshinda mnyoo kiko karibu mno na kile kinachomdhuru mtu, na wapo waliopofuka kwa sumu yake. Apimwe choo zahanati. Prazikwanteli hutibu tegu kwa usalama zaidi.

Mtabibu wa tiba asili, Kondoa: Naunga mkono. Mzizi mkavu ni vigumu kuutambua kwa macho, na kangaga nyingine, Pteridium, ina sumu inayowasababishia ng'ombe saratani ya kibofu. Muuzaji aonyeshe usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mkwe wa Majengo, Dodoma: Nashukuru sana. Kesho asubuhi nampeleka zahanati, na mizizi nitaibeba wakaione.