Naomba ushauri: Impreza ya turbo inakosa petroli nikikanyaga

Wakuu, habari za leo. Nina Impreza WRX ya 1998, injini EJ20. Nimetoa kontrolboksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani nikafunga ya kuprogramu kwa laptop, pamoja na nozeli za petroli za cc 550 kwa dakika. Pampu ya mafuta ni ileile iliyokuja na gari.

Mwendo wa taratibu hauna shida, geji ya uwiano wa hewa na petroli inasoma 14.7 bila kuyumba. Lakini nikikanyaga gia ya nne, turbo ikifika baa 0.9, uwiano unaanzia 11.3 halafu unapanda hadi 12.8 (yaani petroli inapungua) kabla ya mizunguko 5,000, na injini inaanza kugonga. Naachia mafuta hapohapo, maana kugonga huko hakukawii kupasua pistoni.

Nimeongeza petroli kwenye jedwali la kontrolboksi sehemu hiyo, haikusaidia kitu. Ndiyo maana nahisi presha ya petroli inashuka, pampu imezidiwa. Fundi wangu yeye anasema muda wa nozeli kufunguka haujawekwa sawa na volti za betri. Simkatalii, kwani nikiwasha AC na taa mngurumo hubadilika. Ila kosa la namna hiyo lingeonekana zaidi kwenye mwendo mdogo.

Aliyewahi kufunga geji ya presha ya petroli kwenye gari hizi: nitegemee ipande pamoja na turbo, baa kwa baa? Na kwa sasa nishushe turbo hadi 0.6, au nirudishe taimingi ya cheche nyuma kwanza? Nataka kujua kabla sijanunua pampu.