Espreso ya mashine ya mkono: presha niipangeje uchachu upungue?

Mpini Mkononi (Arusha)
Wakuu, habari za humu. Natumia mashine ya espreso ya mkono, ile isiyo na umeme wala boila: unachemsha maji pembeni, unamimina kwenye silinda, unakandamiza mpini huku macho yako kwenye geji. Kahawa ni arabika ya Mbinga, imekaangwa kidogo tu. Naweka gramu 18 za unga, natoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 28 hadi 30, presha baa 9 (baa ndiyo kipimo cha presha kwenye geji) mwanzo mwisho. Vipimo vyote viko sawa, ila kikombe ni kichachu na nyuma yake kuna ukakasi unaokausha ulimi. Nikisaga laini zaidi, ukakasi unazidi na uchachu hauendi popote. Nataka nianze kucheza na presha. Mwenye mpango wa kuanzia anisaidie. Nawasilisha.

Kinu cha Chuma
Mkuu, uchachu na ukakasi kwa pamoja mara nyingi ni maji kupata upenyo. Yanakimbilia sehemu moja ya unga na kuikamua kupita kiasi, kwingine hayafiki vizuri. Chambua unga kwenye kikapu (kile kichujio cha chuma unamoweka unga) kwa sindano nyembamba mpaka mabonge yaishe, ndipo ushindilie. Kisha anza na baa 2 au 3 mpaka uone matone ya kwanza, panda taratibu hadi 8, na mtiririko ukianza kupauka na kukimbia, legeza hadi 5. Unga unavyozidi kuyeyuka unapoteza ukinzani, kwa hiyo kung'ang'ania baa 9 hapo mwishoni ni kupanua upenyo. Mashine za zamani za springi za Gaggia, presha yake ilikuwa inashuka hivyo yenyewe. Hii presha isiyobadilika ilienea na pampu, baada ya mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961.

Kashata Mbili
Huku Tanga mdila uko juu ya mkaa na hakuna anayeuliza baa. Endeleeni wakuu, nasoma tu.

Dada wa Buni
Kaka, umetaja kila kitu isipokuwa joto. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Watu wa Dar wana karibu nyuzi tano za bure. Ukimimina hayo kwenye silinda ya chuma iliyopoa, joto linashuka papo hapo, na kahawa ya mkaango huo inataka 93 kwenda juu. Kalisha silinda kwenye mdomo wa birika ipigwe mvuke dakika moja au mbili, ishike kwa kitambaa, mimina maji yakiwa bado yanatokota.

Baa Sita
Napingana na Kinu kidogo. Saga chenga kiasi, kandamiza baa 6, gramu 18 zitoe 50 kwa sekunde 15 hadi 20. Utafiti wa 2020 alioshiriki Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon ulionyesha kwamba kusaga laini mno kunafanya maji yapite bila usawa. Utapoteza uzito na krema (lile povu la juu), ladha ya matunda itafunguka.

Kinu cha Chuma
Sikatai, ila asibadilishe vyote kwa mpigo, hatajua kipi kimemsaidia.

Mpini Mkononi
Asanteni sana. Nimeanza na la dada peke yake: uchachu umepungua mno, nimeshangaa. Ukakasi haukutikisika mpaka nilipotumia sindano na presha ya Kinu. Sasa mtiririko unashuka mmoja katikati, haurushi tena pembeni. Shida ni kwamba nikilegeza mapema, gramu 36 zinafika sekunde 45. Nikate?

Kinu cha Chuma
Usikate kwa saa, kata kwa mizani. Hizo sekunde za kuloweka unga mwanzoni kwa baa 2 au 3 zimo humo humo. Ukakasi ukirudi, ishia gramu 34.

Dada wa Buni
Na silinda uipashe upya kabla ya kikombe cha mgeni, inapoa upesi hiyo.

Kashata Mbili
Mgeni mwenyewe nipo njiani.