Muongoza wageni wa Marangu naenda kuendesha gari Ufaransa, nisaidieni kabla sijaaibika

Mzee wa Mandara (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muongoza wageni, mwaka wa kumi na saba huu napandisha watu Kilimanjaro, mara nyingi njia ya Marangu. Kuna mgeni wangu mmoja, mzee wa Kifaransa, nilimpandisha na mkewe. Baba wa watu kufika Gilman's, ukingoni mwa kreta, akakaa juu ya jiwe akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo hatujaachana, kila Krismasi lazima simu. Sasa amestaafu, anaishi kijijini karibu na Clermont-Ferrand, na ananiita mwezi wa sita niende na mama watoto. Tukae kwake siku tatu, halafu tukodi gari tuzunguke wenyewe siku nane, tutembee milimani na kuona vijiji. Tiketi yangu anatoa yeye, ya mama nimejichanga.

Milima hainitishi. Nimeangalia, mlima mrefu kuliko yote upande ule unaitwa Puy de Sancy, mita 1,886. Jamani, kwetu hapo ndiyo kwanza geti la Marangu, mgeni bado anatafuta kalamu ya kusaini kitabu. Kinachoninyima usingizi ni usukani. Noah yangu naijua, KIA usiku na mvua nimekwenda mara ngapi sijui, lakini kushika upande wa kulia wa barabara sijawahi hata siku moja. Mama watoto ameshatangaza: nikiingia upande wa watu mara moja tu, anashuka na begi lake.

Sasa naomba kujua, kushika kulia unazoeaje? Mtanzania akienda kukodi gari wanamtaka nini? Na siku nane twende wapi, mimi nikikaa chini naumwa, mwenzangu magoti yake hayataki mlima?

Suka wa Sakina

Mkuu, mimi nilisukuma semi Dar–Kigali miaka sita. Rwanda wanashika kulia, ukivuka daraja la Rusumo tu unahama upande, tena na usukani wetu huuhuu wa kulia. Wewe utapewa gari lenye usukani kushoto, ni nafuu kubwa. Shika hili: dereva lazima akae upande wa mstari wa kati, abiria upande wa mtaro. Wageni wengi wa kushika kulia wanakosea kwa kujibana sana pembeni, kwa hiyo mama akipiga kelele kwamba mtaro unamfuata, msikilize, huyo ndiye sensa yako.

Usiogope kwenye magari mengi, pale unafuata aliye mbele. Utakosea asubuhi, umetoka sheli, barabara nyeupe, hakuna mtu. Mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Mimi nilibandika karatasi kwenye dashibodi, KULIA, na sikuona aibu.

Halafu kipilefti kule siyo kipilefti, ni kipiraiti 😂 Unaingilia kulia, na unawapisha waliomo ndani, wanakuja kutokea kushoto kwako. Na kodi otomatiki. Ukichukua ya gia, mkono wa kushoto utapiga mlango siku nzima ukitafuta gia namba mbili.

DadaNjiro

Shikamoo mzee. Nimesoma Clermont miaka miwili, nimefurahi kusikia mtu anaenda huko badala ya Paris.

Nianze na karatasi maana ndizo zinazoua safari. Mwenyeji wako aende ofisi ya meya wa kijiji chake aombe attestation d'accueil, yaani hati kwamba atawapokea kwake, ya kuombea viza, analipia ada, akutumie karatasi yenyewe, siyo picha ya WhatsApp. Zile siku nane mtakazozunguka ziwe na uthibitisho wa malazi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000 za matibabu. Chukua na leseni ya kimataifa, lakini uende nayo pamoja na ile ya kawaida.

Gari: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili zizuie dhamana. Baba yangu alikuja kututembelea na kadi ya kawaida ya benki, ina pesa tele, kaunta wakaikataa. Tulisimama pale na masanduku saa nzima, mzee akirudia kwa Kiswahili, "Lakini pesa si ipo?" Ulizeni kwa barua pepe kabla ya kulipa chochote.

Barabarani mara nyingi hakuna trafiki wa kuongea naye. Tochi zao ni masanduku, faini inakwenda kwa mwenye gari, naye anawapa jina lako na kukukata ada juu yake. Mwendo kwenye barabara za vijijini nyingi ni kilomita 80 kwa saa, sehemu nyingine 90. Ukiona kibao chenye jina la kijiji na mpaka mwekundu, hapo ni 50 hata kama namba haijaandikwa. Jina likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu, umetoka. Na hili litakushtua: kijijini, gari linalochomoza kwenye kichochoro cha kulia kwako lina haki ya kupita kabla yako, isipokuwa kibao kiseme vinginevyo. Bibi wa miaka themanini atachomoza bila hata kukutazama. Mpishe.

Sheli, gazole ni dizeli. Usidhani ni "gas".

Kutembea, mzee, wewe utafurahi. Hakuna geti wala risiti. Njia ndefu, wanaziita GR, zina alama ya mstari mweupe na mwekundu juu ya mti au jiwe. Fupi za kijijini zina njano. Alama ya X maana yake umepotea, rudi. Ukipita zizi la ng'ombe, funga uzio nyuma yako.

Puy de Dôme (mita 1,465) ndiyo itawapatanisha: mama anapanda treni mpaka juu, wewe unapanda kwa miguu kutoka Col de Ceyssat kwa njia ya zamani ya Warumi, kama saa moja, kwako labda nusu. Juu kuna magofu ya hekalu lao la Mercurius. Na wewe unayepima wageni oksijeni kila jioni, jua kwamba mwaka 1648 Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Blaise Pascal, alipanda hapohapo na bomba la zebaki la kupimia mgandamizo wa hewa, akaona zebaki inashuka kadiri anavyopanda. Kwamba hewa inapungua juu, lilipimwa kwenye kilima hicho. Ukisimama pale utaona volkano zilizolala zimepangwa kama sufuria dukani, karibu 80.

Kisha Lac Pavin, ziwa la duara ndani ya shimo la volkano. Utasema umefika Chala, ila msitu wake ni wa baridi. Kulizunguka ni matembezi mepesi, magoti yatakubali. Mkimaliza shukeni kusini kwa barabara kuu ya A75, haina malipo mpaka mfike daraja la Millau, ingawa mimi ningekata kwenda mlima wa Puy Mary. Barabara inapanda mpaka mita 1,589, mama anabaki na kahawa, wewe unamalizia ngazi. Msipange kula saa tisa, jiko limefungwa tangu saa nane.

Mbege_Baridi

Mzee beba ndizi. Huko mtori hakuna.

Mzee wa Mandara (Moshi)

Marahaba binti, Mungu akubariki. Suka, karatasi ya KULIA nimeshaiandika, mama ameiona akasema iandikwe kwa wino mwekundu. Hilo la shemeji na zebaki nitawasimulia wageni pale kambi ya Horombo, nitajifanya nililijua zamani.

Kadi ya mkopo sina. Je, yule mzee anaweza kukodi yeye kwa kadi yake halafu mimi nikaendesha?

DadaNjiro

Anaweza, lakini awepo siku ya kuchukua gari, na jina lako liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili. Usiendeshe bila kuandikwa, ukigonga bima inaweza kukukana. Mara nyingi wanaongeza ada kwa kila siku, mwambie aulize.

Mzee wa Mandara (Moshi)

Nimempigia sasa hivi. Anasema ataandika na jina la mama watoto. Mama hana leseni, ila amefurahi kweli.