Masikio yanalia, na kazi yangu ni ya hedifoni. Nifanyeje?

Karani_wa_Rekodi
Habari zenu. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano: nasikiliza rekodi, naandika. Saa saba kwa siku hedifoni zimo kichwani. Sasa ni mwezi wa nne masikio yote mawili yanalia, mlio mwembamba kama nyenje aliyejificha nyuma ya kabati. Mchana namsahau. Usiku taa ikizimwa tu, anaingia zamu.

Daktari wa masikio amenipima: sauti nyembamba nazisikia kwa shida kidogo, nta hakuna, ugonjwa mwingine hakuna. Akasema "punguza sauti". Sawa, lakini hadi wapi? Kuna mzee kwenye rekodi ya juzi anaongea kama ananong'oneza mto, na nyuma yake jenereta. Hapo kidole kinapandisha chenyewe. Jioni nikizivua, nyenje wamekuwa wawili.

Niache kazi?

ZimaTu
Tafuta zile za kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu. Hazizibi sikio, basi haziliumizi.

Babu_Spika
ZimaTu, hapana. Mfupa ni njia tu. Mtetemo unaishia kwenye koklea ileile, yaani sikio la ndani, kwenye vinyweleo vilevile vya kusikia ambavyo vikifa havioti tena. Ukizifungulia sana zinaumiza kama nyingine.

Dada Karani, pole. Mimi nachanganya muziki, mlio ninao mwaka wa 11, na hedifoni navaa hadi leo. Kinachoumiza ni ukubwa wa sauti ukijumlisha na muda. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kwa saa zako, nafasi ya kupandisha huna.

Kwa hiyo huyo mzee usimpandishe. Mshushe jenereta! Kwenye programu ya kuhariri sauti kata sauti nzito zote zilizo chini ya hezi 100 hivi; mngurumo mwingi unakaa huko chini, maneno yako juu yake. Kisha weka kikomo cha sauti, ili anayenong'ona akiangua kicheko ghafla au mlango ukibamizwa, usikupige. Ni dakika mbili za kazi kabla hujaanza kunukuu. Sentensi ikigoma, punguza mwendo wa rekodi badala ya kuongeza sauti.

Na usije ukaongeza sauti ili umfunike nyenje. Huo mchezo nimeucheza, nikashindwa.

MamaWawili
Mimi niliogopa nikaacha hedifoni, redio, kila kitu. Nikakaa kimya kama niko msibani. Mlio ukajaa chumba kizima! Mtaalamu wa usikivu ndiye aliyenirudisha: usiku naweka sauti ya mvua kwenye spika ndogo mbali na kitanda, chini kidogo ya mlio wenyewe, vichanganyike. Silali na kitu sikioni.

Ila mlio ukiwa wa upande mmoja tu, au unadunda pamoja na mapigo ya moyo, rudi kwa daktari. Na sikio likiziba ghafla usisikie, nenda siku hiyohiyo, usisubiri wiki iishe.

Karani_wa_Rekodi
Asanteni. Nimefanya hivi: asubuhi chumba kikiwa kimya nimeshusha sauti hadi mwisho, nikapandisha polepole mpaka maneno yakaeleweka. Hapo nikabandika kipande cha plasta kwenye kitufe. Ilikuwa chini mno ya nilivyozoea, hata aibu. Mzee wa jenereta nimemkata sauti nzito. Kumbe alikuwa anataja majina ya ng'ombe wake, mimi nilikuwa nimeandika "[haisikiki]" kurasa tatu.

Swali la mwisho. Dirishani kwangu pana kelele za barabara, mchana plasta inanishawishi. Hedifoni zinazofuta kelele za nje zinafaa?

Babu_Spika
Zinafaa kwa hilo, hutahitaji kupandisha. Lakini rekodi ikiisha zivue, usikae nazo tupu. Kwenye ukimya ule nyenje wako atakuwa na ukumbi mzima peke yake.

Karani_wa_Rekodi
Nimecheka. Plasta haitoki.