Wauzaji wa swichi za wifi mnatuibia mchana kweupe, nyumba za zamani HAZINA NYUTRO UKUTANI!!

Wakuu salama? Leo naomba nitoe la moyoni kuhusu hizi swichi za wifi zinazotembezwa Instagram na kwenye maduka ya Kariakoo, zile za kioo za kugusa unawashia taa kwenye simu. Tangazo linasema "inafungwa nyumba yoyote, dakika tano tu". Nyumba yoyote ya wapi?? Mimi nakaa kwenye nyumba ya mzee Ilala, ya miaka ya sabini hiyo, nikanunua ya taa tatu kwa elfu sitini na kitu, na hivi ninavyoandika iko kwenye mfuko wa rambo juu ya friji.

Kwa wasioelewa tatizo liko hivi. Swichi ya kawaida kazi yake ni kukata moto na kuunga moto, basi. Mafundi wa zamani walikuwa wanashusha waya wa moto toka darini mpaka kwenye swichi halafu unarudi juu kwenye holda, nyutro (ule waya wa kurudishia umeme) inabaki hukohuko darini inaingia kwenye taa moja kwa moja. Wala hawakukosea, waliokoa waya na taa zinawaka mpaka leo. Ila hii ya wifi ina kaubongo ndani na redio inayotakiwa kuwa macho masaa yote hata taa ikiwa imezimwa, kwahiyo inataka moto na nyutro palepale ukutani. Hata Marekani huko ni mpaka kanuni zao za umeme za 2011 ndio wakaanza kutaka nyutro ifike kwenye boksi la swichi, sasa wewe muuzaji unamwambia mtu wa Ilala "nyumba yoyote" umetumwa na nani?

Fundi akaja. Kafungua swichi ya zamani, ndani kuna waya mmoja mwekundu na nyeusi tatu. Akashika nyeusi ya taa ya barazani akagusisha testa, haikuwaka, akasema "nyutro hii hapa boss". Jamani!! Ule mweusi sio nyutro, ni waya unaorudi kwenye taa, testa haikuwaka kwasababu taa ilikuwa imezimwa na ule waya unapitia kwenye balbu unakutana na nyutro huko juu. Tena hizo ni rangi za kizamani za Waingereza, nyekundu moto nyeusi nyutro, wenyewe waliachana nazo 2006, na kwenye swichi za zamani mweusi hauna maana yoyote zaidi ya kwamba fundi wa enzi hizo ndio alikuwa nao mkononi.

Akafunga hivyohivyo. Swichi ikawaka kitaa cha buluu, simu ikaiona, sebuleni na kwenye korido taa zikatii. Fundi kapokea chake kaondoka. Usiku sasa taa ya barazani inapepesa pee pee pee kama ya disko, wifi inakatika, swichi inalia tik tik yenyewe, mama anauliza nani anagonga. Nikachomoa ile balbu ya barazani nijaribu, SWICHI NZIMA IKAZIMA. Yaani muda wote ilikuwa inaombaomba umeme kupitia kwenye balbu ya watu.

Fundi wa pili ndio kabisa, eti tuchukue waya wa ethi (ule wa usalama unaoenda ardhini) tuufanye nyutro, "wote si unaenda chini". Nikamwambia kaka chukua begi lako. Ethi sio ya kupitisha umeme kila siku, ukikatika mahali ule waya friji na pasi zote zinaweza kuwa na moto kwenye bodi, na nyumba yenyewe haina ile breka ya kukata umeme ukivuja. Na kuna watu humu nyumba zenu zimefungwa hivyo na mnachekelea.

Nikampigia muuzaji. Kwanza "fundi wako hajui kazi". Nikamtumia picha ya nyaya, akageuka, eti "aah wewe unataka ile ya bila nyutro, hiyo bei yake nyingine". Kumbe alikuwa anajua zipo mbili!! Na hiyo nyingine nayo haina miujiza, inapitisha umeme kidogo kwenye taa ili yenyewe iishi, ukiwa na balbu za LED za wati chache zinabaki na kamwanga hata ukizima mpaka ufunge kapasita (kidude cha kupitishia huo umeme kidogo pembeni ya balbu) kule kwenye holda. Nyingi zinatumia Zigbee (mawasiliano ya redio yanayokula umeme kidogo) maana wifi inakula umeme mwingi, kwahiyo na kile kidude cha kuziunganisha na intaneti unanunua wewe. Hapo sijagusia boksi la ukutani, langu ni la kina cha milimita 25 na hilo dude lina tumbo linataka 35, mtu anaanza kupasua ukuta wa zege.

Wanaoelewa wameniambia njia ya maana ni kuweka kimodyuli (kaswichi kadogo ka kuwashia kwa simu kasiko na kioo) darini karibu na holda ambako nyutro ipo, au kuvuta nyutro kwenye paipu kama ina nafasi. Sawa, nitafanya. Lakini kwanini hakuna muuzaji hata mmoja anayekuuliza swali moja tu kabla hajapokea hela, "boksi lako la swichi lina nyutro?" Kuuliza kunauma?

Mwenye kujua duka linalouza hivyo vimodyuli vya ukweli aniambie hapahapa, PM zangu zimejaa mafundi wa ethi. Na wewe dada muuzaji uliyeniblock Whatsapp baada ya mimi kuomba unirudishie hela yangu, risiti ya EFD ninayo, Jumatatu nipo dukani kwako asubuhi kabla hujafungua.